Siku moja Lukwika-Lumesule kwa gari lako mwenyewe

Pori la Akiba Lukwika-Lumesule liko wilayani Nanyumbu, mkoani Mtwara, kusini kabisa, pale Mto Ruvuma unapokuwa mpaka na ng'ambo yake ikawa Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Jina limetokana na mito miwili, Lukwika na Lumesule, inayoteremka kuingia Ruvuma. Uzio hakuna. Tembo anayekunywa maji upande wetu asubuhi anaweza kulala Msumbiji usiku, na wanaokwenda kaskazini hufuata ushoroba unaokatiza Masasi, Nachingwea na Liwale hadi Selous.

Kwa hiyo usije na picha ya mbuga ya wazi kichwani, nyumbu wametapakaa mpaka macho yanapoishia. Hili ni pori la miombo: miti, nyasi, kichaka, kisha miti tena. Wanyama wamo: tembo, palahala, pofu, tandala, ngiri, viboko, mamba, hata simba na chui. Wanaonekana na mtu aliyechagua vizuri wiki ya kwenda, saa ya kuingia na mahali pa kuzima injini.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba siku hii haianzii Mtwara mjini wala Lindi mjini. Kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Mingoyo ni kama kilomita 200. Kutoka Lindi ni kama 140. Masasi hadi porini kuna karibu kilomita 100 nyingine, na sehemu kubwa ya hizo ni vumbi na mashimo. Anayeondoka Mtwara usiku wa manane akitegemea kurudi siku hiyo hiyo atafika wanyama wameshaingia kivulini, dereva akiwa amechoka kabla kazi haijaanza. Lala Masasi.

Wiki za kwenda

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo sahau. Vivuko vya mito hujaa, udongo mweusi hushika tairi kama gundi, na gari zima linaweza kukaa hapo siku mbili. Mei njia huanza kukauka lakini nyasi zimezidi urefu wa boneti. Palahala anaweza kusimama hatua kumi kutoka dirishani usimwone. Juni nyasi huanza kulala, maji ya madimbwi hupungua, asubuhi kuna baridi kidogo. Huo ndio mwezi wa salama.

Kisha kuna kizuizi ambacho watu wengi hukigundua getini. Pori la akiba si hifadhi ya taifa. Kwenye hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi kabisa. Kwenye pori la akiba uwindaji wa leseni huruhusiwa katika vitalu, na msimu wake hufunguliwa Julai 1. Kitalu kikiwa na wawindaji, mtalii wa picha anaweza kukataliwa kuingia, na ni haki, kwa sababu hakuna anayetaka gari la familia katikati ya watu wenye bunduki. Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe yoyote baada ya Juni, uliza ofisini kama kuna kikundi kinachowinda na kiko upande gani.

Ukiambiwa Septemba au Oktoba njia iko wazi, usisite. Joto ni kali, moto wa nyasi umeshapita, majani ya miombo yamepukutika, na maji yaliyobaki ni ya Ruvuma na vidimbwi vichache vya kwenye mchanga. Wanyama hawana pengine pa kwenda. Siku moja ya Oktoba hukupa kuona kuliko siku tatu za Mei.

Kibali

Pori liko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Pitia ofisi ya pori Masasi siku moja kabla, mchana, ukiuliza mjini "Maliasili wapi?" utaelekezwa. Beba kitambulisho cha NIDA cha kila mtu mzima, kwa sababu ada ya Mtanzania na ya mgeni wa nje hazilingani, na bila kitambulisho hakuna wa kukuamini kwa lafudhi tu. Beba na kadi ya gari. Utatajiwa ada ya mtu, ada ya gari na ada ya askari wa kukusindikiza, kisha utapewa kontroo namba ya kulipia kwa simu au benki. Lipa hapo hapo Masasi, uhakikishe ujumbe wa malipo umeingia, na upige picha ya risiti. Ukisubiri kulipia getini utakuta simu haishiki mtandao, na askari hawezi kupokea fedha mkononi.

Askari wa uhifadhi usimwone kama gharama ya ziada. Njia za humo hubadilika kila baada ya mvua, alama za barabarani ni chache, na yeye ndiye anayejua kivuko kipi kimekufa na tembo walikuwa wapi juzi. Mwachie kiti cha mbele kushoto. Hesabu chakula chake na maji yake kwenye mahesabu yako. Ni aibu kumwacha mtu akitazama tu ukifungua hotipoti.

Ukiwa na droni, iache nyumbani mpaka uwe na kibali chake maalumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo fungasha kwenye vikapu au mabegi ya kitambaa.

Gari

Noah na IST zibaki Masasi. Unahitaji gari lililoinuka, linalovuta magurudumu yote manne, na lenye gia za nguvu. Land Cruiser ya zamani inafaa kuliko gari jipya lenye tairi nyembamba za lami.

Tatizo kubwa zaidi la gari humo ni visiki. Moto ukipita, mche mdogo huungua ukabaki kama mkuki wa sentimita kumi, umefichwa na nyasi mpya. Kisiki hicho hakitoboi tairi chini. Hupasua ubavu, na ubavu uliopasuka hauzibiki kwa kifaa chochote. Ndiyo maana tairi za akiba ziwe mbili. Pancha ya kawaida ya mwiba unaiziba mwenyewe kwa vile vikamba vya tairi zisizo na tyubu, lakini beba kompresa ya kuchomeka kwenye betri, la sivyo utaziba halafu ukose upepo.

Upepo wenyewe ni nusu ya udereva. Kwenye lami ya Masasi nenda na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, mara nyingi kati ya psi 32 na 36. Ukiacha lami shusha hadi 26 au 28. Gari litaacha kurukaruka na tairi litajikunja juu ya jiwe badala ya kukatika. Kwenye mchanga mzito wa mto mkavu shusha hadi 18 au 20. Ukirudi kwenye lami jaza tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi laini likienda mwendo mkali huchemka na kupasuka.

Hatari ya pili haizungumzwi sana, nayo huteketeza magari: nyasi kavu. Ukiendesha juu ya nyasi ndefu, mbegu na mabua hujisokota chini ya gari na kujikusanya juu ya eksozi. Eksozi ina moto wa kutosha kuziwasha. Unaanza kusikia harufu kama ya shamba linalochomwa, unadhani ni moto wa mbali, kumbe ni wewe. Mei na Juni simama kila nusu saa mahali palipo wazi, askari akikagua kwanza, uchungulie chini na kuzitoa kwa fimbo. Mtungi wa kuzimia moto ukae chini ya kiti cha dereva, usiufukie nyuma ya mabegi. Mbegu hizo hizo huziba rejeta. Funga wavu wa mbu mbele ya grili, na mshale wa joto ukipanda, simama upukute wavu kabla hujafungua chochote.

Vingine vya kubeba: jeki yenye ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuwekea chini (bila ubao jeki huzama mchangani), spana ya magurudumu uliyoijaribu nyumbani, beleshi, kamba ya kuvutia, tochi ya kichwani, na sanduku la huduma ya kwanza. Fundi aliyefunga nati kwa mashine huzikaza kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuzifungua porini. Zilegeze na kuzikaza upya kwa mkono siku moja kabla.

Mafuta na maji

Jaza tangi Masasi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 200, na mizunguko ya ndani ni 60 hadi 80. Land Cruiser ya dizeli inayokula lita moja kwa kilomita 7 njiani hula lita moja kwa kilomita 4 ikiwa kwenye gia nzito, kwa hiyo hesabu ni karibu lita 50. Ongeza theluthi: lita 65 hadi 70. Kama tangi halitoshi, beba dumu la chuma la lita 20, usilijaze hadi mdomoni, ulifunge wima nje ya chumba cha abiria. Dumu la maji la plastiki halifai kwa mafuta. Joto hulivimbisha na mfuniko huanza kuvuja.

Maji ya kunywa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, na Oktoba usipunguze hata kikombe. Ongeza lita 10 za rejeta na kunawa. Usitegemee kuchota Ruvuma, na sababu yake iko mbele.

Chakula kiwe cha kuliwa bila kuwasha moto. Mihogo ya kuchemsha, ming'oko kama ni msimu wake, mayai, chapati, korosho za kukaanga, samaki mkavu. Machungwa, ndizi na maembe yaliyoiva ni matamu lakini yananuka mbali. Nyani na tumbili wataingia dirishani, na tembo ana pua kuliko wote. Ukibeba matunda, yawe kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana.

Saa za siku

Juni huku kusini jua huchomoza baada ya saa 12 na nusu asubuhi, na huzama mara tu baada ya saa 12 jioni. Una saa kumi na moja na nusu za mwanga, na zenye faida ni kama tano tu: tatu za asubuhi na mbili za jioni.

Ondoka Masasi saa 9 na nusu usiku au saa 10 alfajiri. Fuata barabara kuu ya kwenda Mangaka. Nangomba, kama kilomita 40 kutoka Masasi, ndipo unapoacha barabara kuu kuelekea kijiji cha Mpombe. Njia ya kuingilia porini iko kilomita chache kusini-magharibi mwa Mpombe. Kipande hiki cha mwisho ndicho kinachokula muda. Usikipigie hesabu ya zaidi ya kilomita 25 kwa saa, na uangalie baiskeli zisizo na taa.

Ukifika Mpombe kumepambazuka, simama. Wape wazee shikamoo zao, uliza habari za mashamba kwanza, halafu ndipo uulize wanyama. Watu hapa ndio wanaokesha wakipiga madebe tembo akiingia kwenye mahindi, na kijana wa mjini anayeshuka kwenye gari akichekelea "Tembo wako wapi?" anamuuliza mtu habari ya aliyemlia chakula chake cha mwaka. Ukiuliza kwa adabu utapata habari za jana usiku: walivukia wapi, wangapi, wana watoto au la. Habari hiyo ina thamani kuliko ramani.

Ndani ya pori uwe saa 1 asubuhi. Zunguka hadi saa 4. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 alasiri usijisumbue: kila kitu chenye damu moto kimelala kivulini, na wewe fanya vivyo hivyo, karibu na mto mahali askari atakapochagua. Saa 9 anza mzunguko wa pili ukielekea getini, ili saa 11 na nusu uwe umetoka. Sheria ya kutoendesha porini usiku si ya mapambo. Tembo wa rangi ya vumbi kwenye barabara ya vumbi huonekana akiwa tayari kwenye boneti.

Kabla ya kuacha mtandao, mpigie mtu Masasi, mtajie njia unayopita na saa ya kurudi. Mkubaliane kwamba ikifika saa 3 usiku hujapiga simu, aite ofisi ya pori.

Mbung'o

Kama kuna kitu kitakachokuharibia siku, si simba. Mbung'o hufuata kitu chochote kinachotembea, na gari ni mnyama mkubwa kuliko wote. Huvutwa hasa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Suruali ya jinzi ya buluu ni mwaliko. Vaa kaki, kijivu chepesi au rangi ya mchanga, kitambaa kizito, mikono mirefu, soksi juu ya suruali. Kitambaa chembamba hutobolewa bila shida.

Dawa za kupaka ngozi zinazofukuza mbu zina msaada mdogo kwa mbung'o. Kinachosaidia ni kupandisha vioo gari likiwa linakwenda kwenye vichaka vizito, na kushusha ukishasimama mahali pa wazi. Walioingia wapige kwa taulo lililoloweshwa. Mbung'o ana mwili mgumu, ukimpiga kwa kofi anajipukuta na kuruka tena. Mtoto mdogo avalishwe kabla ya kufika, si baada ya kung'atwa mara ya kwanza, kwa sababu kuanzia hapo hatulii.

Kuona

Kosa la kawaida ni kuendesha. Watu hulipa kibali kisha wanazunguka siku nzima kwa mwendo wa 40, wakiacha vumbi nyuma na wanyama wakikimbia mbele. Kwenye miombo nenda 15 au 20 kwa saa, na kila baada ya kilomita mbili zima injini dakika kumi. Nne za kwanza huoni kitu. Kisha pori linaanza kuongea: kanga wanapiga kelele upande mmoja, tumbili anakohoa juu ya mti, tawi linavunjika. Tawi nene linalovunjika bila upepo ni tembo anayekula.

Usitazame kichaka, tazama kupitia kichaka. Miti imesimama wima, kwa hiyo mstari wowote uliolala ni mgongo wa kitu. Chungulia chini ya majani, utaona miguu kabla ya mwili. Sikio linalotikisika humfichua tandala aliyesimama kimya kabisa. Palahala dume ni mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama panga, na kivulini huonekana kama kisiki kilichoungua hadi ageuze uso wenye mistari myeupe. Darubini ya 8 kwa 42 inatosha. Kubwa zaidi hutikisika mkononi. Simu ikiwekwa nyuma ya lenzi ya darubini hupiga picha nzuri kuliko kukuza kwa simu yenyewe.

Soma chini pia. Nyayo za mbele za tembo ni mviringo, za nyuma zimerefuka kama yai. Kingo zikiwa kali na vijistari vya ngozi vinaonekana, ni za leo. Umande ukiwa umezitoboa vitundu, ni za jana usiku. Kinyesi kibichi hung'aa na kina nzi wengi. Kikavu juu lakini chenye joto ndani kina saa chache.

Huenda ndege mdogo wa kijivu akaja kupiga kelele kwenye tawi la karibu, akiruka mti hadi mti kana kwamba anakuita. Anakuita kweli. Ndiye yule anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki, na upande wa Niassa Wayao wanaorina asali humwita kwa mlio wao wa "brrr-hm" naye huitika. Mwache aende zake; kumfuata maana yake ni kushuka garini.

Tembo

Mita 50 ndiyo karibu ya kutosha kwa tembo dume aliyetulia, na 100 kwa majike wenye watoto. Hapa ongeza, usipunguze: tembo hawa wanafukuzwa mashambani usiku na hawajazoea magari kama wa kaskazini. Simamisha gari pua ikielekea njia ya kutokea, kwa sababu kurudi nyuma kwenye njia yenye visiki huku tembo anakuja ni kazi isiyowezekana. Usijiweke kati ya jike na mtoto wala kati ya kundi na maji.

Akiinua mkonga na kunusa upepo, ameshakujua. Akitikisa kichwa, masikio yakipiga mwilini, au akizungusha mguu mmoja wa mbele hewani bila kuondoka, amekereka, ondoka taratibu. Anayekuja mbio masikio yametanuliwa na kupiga tarumbeta mara nyingi anatisha tu na atasimama. Anayekuja kimya, kichwa chini, masikio nyuma na mkonga ameukunja, hasimami. Dume anayevuja maji meusi mashavuni na mkojo ukidondoka miguuni yuko kwenye joto. Huyo usimsogelee hata kama anakula majani.

Amefunga njia? Subiri. Usipige honi, usiguse taa, usivumishe injini. Nusu saa ni kitu cha kawaida.

Mtoni

Ruvuma ni pazuri, na ndipo watu hujisahau. Mamba hukaa chini ya maji yenye matope bila kuonekana, na hukamata kile kinachorudi mahali pale pale. Kaa mita 10 kutoka ukingoni. Usinawe, usichote, usimwache mtoto acheze na mchanga. Kiboko aliye majini ni picha. Kiboko aliye nchi kavu ni hatari, kwa sababu akishtuka hukimbilia maji kwa njia fupi, na ukiwa katikati anakupitia juu.

Hili lina matokeo kwenye udereva. Kwingine dereva mzuri hutembea kwanza kwenye kivuko kupima kina. Hapa hapana. Kivuko chenye maji ambacho askari hajakiona gari likivuka wiki hiyo, geuza.

Choo ni porini: askari akague kwanza, usiende zaidi ya mita chache nyuma ya gari, fukia, karatasi irudi nayo kwenye mfuko.

Gari likinasa mchangani

Mtu akihisi gari linazama hukanyaga mafuta, na hapo ndipo anajizika. Toa mguu. Magurudumu yakizunguka sekunde kumi, ekseli inakaa juu ya mchanga na huna tena njia ya haraka. Shuka askari akishaangalia, toa mchanga mbele ya magurudumu yote manne, si mawili, shusha upepo hadi 15, tandika matawi makavu yaliyokwisha kuanguka, ingiza gia ya pili ya upande wa nguvu na utoke polepole bila kusimama hadi kwenye udongo mgumu. Mara nyingi kushusha upepo peke yake kunatosha, na watu huchimba saa nzima kabla ya kukumbuka.

Mtu akiumwa na nyoka: asitembee, asikatwe, asifungwe kamba ya kubana damu. Mguu au mkono utulizwe kwa kipande cha mti na kitambaa, pete na viatu vitolewe, gari lielekee Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi. Kwa anayerudi upande wa Lindi au Mtwara, Hospitali ya Ndanda iko barabarani kati ya Masasi na Mingoyo.

Ukikosa kibali

Msanjesi ni pori dogo lililo karibu zaidi na Masasi, chini ya ofisi hiyo hiyo, uliza. Anayetaka uhakika wa kuona wanyama wengi aelekee Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019. Kutoka Lindi unakwenda kaskazini, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, hadi Kibiti, kisha barabara ya Mloka hadi geti la Mtemere. Hiyo ni safari ya kulala siku mbili.

Baada ya kurudi

Jaza upepo kabla ya lami. Kesho yake osha chini ya gari kwa maji ya nguvu na utoe mabua yote kwenye eksozi na rejeta; moto mwingine huwaka siku ya pili, njiani kurudi nyumbani.

Kisha andika tarehe ya safari kwenye kalenda. Mbung'o wachache hubeba vimelea vya malale, na ugonjwa huo hujitokeza ndani ya wiki moja hadi tatu: kidonda kilichovimba mahali ulipong'atwa, homa, kichwa kuuma, tezi kuvimba. Huku kwetu kila homa ni malaria, na kipimo kikitoka hasi mtu hupewa dawa za kutuliza akarudi nyumbani. Ukipata homa katika wiki hizo, mwambie daktari tangu mwanzo kwamba uling'atwa na mbung'o, umtajie pori na tarehe, ili damu yako itazamwe kwa hadubini.